Mark X ya Zamani au Mpya? Shauri kwa Anayepanda Nayo Gare

Vijana wa Gare, huku Lushoto, wanaotafuta maisha Dar es Salaam, Tanga na Arusha wananiuliza swali moja: nimeweka akiba, nataka Mark X, nichukue ile ya zamani au hii yenye sura mpya? Nalijibu kwa kirefu kwa sababu majibu wanayopewa kwenye yadi ni ya taa, rimu na siti za ngozi. Gari lenyewe litapanda Mombo hadi Soni, litapita lami mpaka inapoishia, kisha litafika nyumbani kwa barabara ya udongo mwekundu. Muuzaji wa Dar haijui safari hiyo, na wewe ndiye utakayeiendesha.

Nitangulize hukumu yangu. Kwa mtu wa Gare, toleo la pili lenye injini ya lita 2.5, lile la kawaida lisilo na sketi za pembeni wala bampa lililoshuka, ndilo bora. Sababu zake si zile wanazozitaja madalali. Na kama bei ya toleo la pili itakuacha bila hata shilingi ya kubadilishia bushi, chukua la kwanza lililotunzwa, uachane na la pili lililochoka. Zile za lita 3.0 na 3.5 ziachie wenye lami mpaka mlangoni.

Tujue kwanza tunalinganisha nini. Jina la Mark II lilianza mwaka 1968, na wengi wetu tumekua tukiziona GX100 na GX110 Grande zikipanda milima hii. Mwaka 2004 Toyota iliacha kutengeneza sedani ya jina hilo, na Novemba mwaka huohuo ikaleta Mark X, ambayo mafundi huiita GRX120. Oktoba 2009 likatoka toleo la pili, GRX130. Lilibadilishwa sura mwaka 2012 na tena 2016, na uzalishaji ukasimama Desemba 2019. Hakuna la tatu. Ukisikia mtu anakuuzia Mark X "mpya kabisa", anazungumzia gari la 2019 kurudi nyuma.

Kwa macho, tofauti ni kubwa. La pili lina uso mkali na mapaja yaliyojaa, na ndani dashibodi yake imetulia zaidi. Chini ya bati, hata hivyo, ni ndugu wa tumbo moja. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ni uleule, milimita 2,850. Yote mawili yalipotoka yalikuwa na urefu wa milimita 4,730. Upana ndio ulioongezeka, kutoka 1,775 hadi 1,795, yaani sentimita 2 tu. Injini ya lita 2.5 ni ileile, 4GR-FSE ya silinda 6, na inayozungushwa ni tairi za nyuma. Kwa hiyo fundi anayelijua la kwanza hatapotea kwenye la pili, na spea nyingi za injini utazipata Gerezani, Kariakoo, hata zilizotoka kwenye Crown Athlete, kwa sababu Crown za miaka hiyo nazo zilitumia injini hiyo.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Injini ya 2.5 ya toleo la kwanza ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 215. Ya toleo la pili ina 203. Ndiyo, gari jipya lilipunguziwa nguvu, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kulipenda. Wajapani wana petroli za aina mbili, ya kawaida ambayo oktani yake haipungui 89, na ya daraja la juu isiyopungua 96. Toleo la kwanza liliundwa linywe ile ya juu. Katika toleo la pili Toyota iliirekebisha 2.5 inywe ya kawaida, na farasi 12 wakaondoka katika marekebisho hayo. Kwenye vituo vyetu vingi unakuta petroli ya aina moja tu, huchagui. Gari linalohitaji oktani ya juu likinyweshwa pungufu, kompyuta yake huchelewesha cheche ili injini isigonge. Nguvu inashuka, joto linapanda, na mafuta yanaliwa zaidi. Kwa hiyo wale farasi 12 wa ziada ni wa kwenye karatasi. Mlimani, siku ya jua, umebeba watu wanne na magunia, usiwategemee.

Kuna na mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000. Mombo iko chini ya mita 500, Lushoto mjini ni kama mita 1,400. Yote mawili yanalipa kodi hiyo sawasawa, na yote mawili yanabakiwa na nguvu ya kutosha kupanda mpaka juu bila kuhangaika. Ndiyo maana nasema huna haja ya 3.0 yenye farasi 256, wala 3.5 yenye farasi 318. Nguvu hizo zote zinakwenda kwenye tairi mbili za nyuma, na kwenye tope la Aprili zitakupeleka mtaroni kabla hujainua mguu.

Nikae kidogo kwenye injini, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Ukitoka kwenye GX110 yenye injini ya 1G, umezoea mfumo unaopulizia petroli nje ya silinda, nyuma ya valvu za kuingizia hewa. Petroli ile, pamoja na kazi yake, ilikuwa inaziosha valvu. Katika 4GR-FSE petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa presha kubwa. Inaungua vizuri, lakini valvu haziguswi na petroli kamwe. Mvuke wa oili unaorudi kutoka ndani ya injini unazigandia, unakauka, unakuwa masizi magumu. Kidogo kidogo njia ya hewa inaziba, injini inatetemeka ikiwa imesimama, inaanza kukosa moto kwenye silinda moja moja, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Huko Marekani, Lexus IS 250 za miaka ya mwanzo, zenye injini hii hii, zilisumbua kwa masizi hayo mpaka kampuni ikaandaa mpango maalumu wa kuzirekebisha.

Toleo la pili halikuuponya ugonjwa huu kwenye 2.5. Injini ya 3.5 ndiyo iliyowekewa vipulizio vya aina zote mbili, vya ndani na vya nje, na hilo ni jema lake la kweli. Kwa hiyo usidanganyike kwamba kwa kuchukua sura mpya umeyakwepa masizi. Kinachoamua ni maisha ambayo gari limeishi. Masizi hupenda injini inayounguruma mahali pamoja, safari fupi fupi, na oili iliyopitilizwa. Mark X iliyokaa miaka Dar ikisukumwa kwenye foleni, kiyoyozi kikiwaka, inaweza kuonyesha kilomita chache na valvu zake zikawa zimechafuka kuliko za ile iliyokuwa inakwenda Dodoma na kurudi kila wiki. Usiulize kilomita peke yake. Uliza gari lilikuwa linafanya kazi gani, na nani alikuwa akilimwagia oili.

Jinsi ya kulipima ni hivi. Muombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, halafu fika asubuhi na mapema. "Kaka, naomba nilikute limelala," inatosha. Asiyekubali ana sababu yake. Shika boneti kwa kiganja, iwe baridi. Washa. Katika sekunde za mwanzo sikiliza mlio wa mnyororo mbele ya injini, kwa kuwa injini hii haina mkanda wa taimingi. Mlio mdogo wa tiki-tiki unaoendelea ni wa pampu ya petroli ya presha, ni wa kawaida, usikutishe. Mkwaruzo mzito unaotoweka baada ya muda ni habari nyingine. Tazama moshi wa nyuma: wa buluu ni oili inayoungua, na kwenye injini hii mara nyingi maana yake ni ringi za pistoni. Acha injini ipate moto, kisha weka kikombe cha maji juu ya kifuniko cha injini ikiwa imesimama. Maji yakitikisika mfululizo, omba fundi mwenye kompyuta asome misimbo kabla hamjazungumzia bei. Mwisho mulika tochi upande wa mbele, kwenye pampu ya maji. Alama nyekundu au ya pinki iliyokauka ni kulenti inayovuja, na kwa mtu anayepanda Soni hilo halisubiri.

Kipimo hicho ni kwa matoleo yote mawili. Lililofaulu ndilo la kununua, liwe la zamani au jipya.

Sababu yangu ya pili ya kulielekea toleo jipya ni utulivu wake kwenye kona. Tafuta gari lenye VSC, ule mfumo unaobana breki ya tairi moja moja gari linapoanza kuteleza. Hapa ndipo toleo la kwanza linapoyumba: lipo lenye nao na lipo lisilokuwa nao, itategemea aina uliyoipata, kwa hiyo angalia kitufe chake kwenye dashibodi. Washa gari: taa yake lazima iwake kisha izime. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa ili kuficha ubovu. Gari linalovuta kwa nyuma, kwenye kona za Soni, lami ikiwa imelowa na ukungu umeshuka, linauhitaji mfumo huo. Kwa hili siwezi kumshauri mtu abane senti.

Na kuteremka je? Hapo matoleo yote mawili yana zawadi ambayo madereva wengi hawaitumii. Mark X inayovuta tairi mbili ina gia 6 za otomatiki, na pembeni ya D kuna njia ya S. Ukipeleka mkono huko na kuvuta kwenye alama ya kutoa, unaizuia gia isipande juu ya namba unayoichagua. Kutoka Soni kushuka Mombo weka 3, na kwenye mteremko mkali weka 2. Injini italalamika kidogo, mshale wa mzunguko utapanda, na gari litashikwa bila wewe kukanyaga breki muda wote. Madereva wa malori wanalijua hili: gia uliyopandia ndiyo uishukie. Wenye gari dogo la otomatiki wanashuka na D, mguu juu ya breki tangu juu hadi chini, na wakifika Mombo tairi za mbele zinanuka. Breki zilizopata moto kiasi hicho zinapoteza nguvu, na oili yake ikiwa ya zamani, yenye unyevu ndani, inachemka na pedali inazama. Mark X ni gari zito, karibu tani moja na nusu kabla hujapanda wewe na watoto. Jifunze njia ya S kwanza kabla ya kujifunza redio.

Sasa kipande cha mwisho, kile cha udongo. Hapa ukweli lazima usemwe: hakuna Mark X iliyoundwa kwa barabara ya Gare. Zote zimelala chini. Kiangazi unapita ukijua mahali pa kuweka tairi. Mvua ikinyesha, udongo wetu unakuwa telezi na mifereji inachimbika katikati ya njia. Kwa hiyo chagua ile aina ya kawaida, 250G. Usichukue yenye herufi S au nyongeza za michezo. Ile ya S inapendeza, lakini bampa lake la mbele litabaki Gare wiki ya kwanza, na tairi zake nyembamba za inchi 18 zinapeleka kila jiwe moja kwa moja kwenye rimu na shokapu. Tairi nene za inchi 16 zinameza mawe, na bei yake ni nafuu. Wapo wanaowashawishi watu waweke spesa ili gari liinuke. Kidogo inasaidia, ikizidi, pembe za mikono ya chini zinabadilika, tairi zinaliwa upande mmoja, na boljointi zinakufa mapema. Afadhali utengenezewe bamba la chuma la kulinda sampo. Na chungulia chini kabla ya kununua: lile plastiki la kukinga injini kwa chini mara nyingi mafundi huling'oa na kulitupa, na bila hilo tope lote linapanda kwenye mikanda na nyaya.

Ipo pia Mark X inayovuta tairi zote nne, GRX125 katika toleo la kwanza na GRX135 katika la pili. Watu wa Gare wanaisikia na macho yanawang'aa. Inasaidia kweli kwenye utelezi, lakini haikuinui kutoka kwenye mfereji, inakula mafuta zaidi, na spea za ekseli zake za mbele ni adimu kwetu. Kama unahitaji tairi nne kila siku, kama kazi yako ni kushusha kabichi na karoti mpaka Mombo, huhitaji sedani. Nunua gari la kazi, na uchumi wako utanishukuru.

Kuhusu bei, nizungumzie ushuru kwa ufupi. Ukiagiza kutoka Japani, TRA watakutoza ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa sababu injini imezidi sisi 2,000, na VAT asilimia 18, pamoja na tozo nyingine ndogo. Juu yake kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari lenye miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likishapita 10. Hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Wanadhani sura mpya ina ushuru nafuu. Mark X ya toleo la pili ya 2010 inatozwa uchakavu kama ya toleo la kwanza ya 2005, kwa kuwa zote zimepita miaka 10. Unafuu uko kwenye zile za miaka ya mwisho tu, na kila mwaka ukigeuka zinapungua. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, weka mwaka na aina, uone jumla yote kabla hujatuma hata dola moja, kwa sababu viwango huguswa kwenye bajeti ya kila Juni.

Ukinunua hapahapa nchini, usiongozwe na herufi ya namba. Namba E kwenye gari la 2007 inakuambia limeingia juzi, haikuambii limezaliwa lini. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, ulinganishe namba ya chasisi ya kwenye kadi na ile ya kwenye gari.

Gari likiwa lako, fedha ya mwezi wa kwanza iende hivi. Badilisha oili ya injini na filta. Inakunywa zaidi ya lita 6, kwa hiyo galoni moja ya lita 5 haitoshi, na usikubali fundi akuambie inatosha. Baada ya hapo badilisha kila kilomita 5,000, usipitilize, kwa sababu ya yale masizi. Oili ya giaboksi ni Toyota WS, na pasiwe na nyingine. Ukimwona fundi anaunganisha na aliyoikuta stoo, funga boneti uondoke. Oili ya breki mpya. Kulenti halisi, si maji ya bomba, maana kutoka joto la Mombo hadi juu rejeta haipumziki. Plagi ni za iridiamu na zinadumu, lakini kama historia ya gari haijulikani, zitoe zitazamwe.

Mark X iliuzwa kwa ajili ya Wajapani, kwa hiyo onyo likitokea kwenye kioo cha dashibodi litakuwa la Kijapani. Lipige picha, lipitishe kwenye programu ya simu ya kutafsiri, usiendelee kuendesha ukikisia. Redio yake inaishia masafa ya 90. Kifaa kidogo cha kuongeza masafa kitakupa stesheni zetu.

Halafu panga mapema utaliacha wapi wakati wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei zitakuwapo siku ambazo barabara ya Gare haipitiki kwa gari la chini, hata dereva awe hodari namna gani. Tafuta ndugu au nyumba ya wageni Lushoto mjini au Soni yenye uzio na mlinzi, mkubaliane malipo kabla ya mvua, na upande kwa bodaboda. Likikaa zaidi ya wiki mbili, chomoa waya hasi wa betri, na usiliwekee breki ya kuegeshea ikiwa limesimama pa tambarare, maana breki hushikana kwa unyevu. Weka gia kwenye P na jiwe kwenye tairi.